Kibweta kisicho na tundu: hifadhi ya kubeba usiyoichomeka popote

Tundu la USB la kawaida, lile pana la kwenye kompyuta, kiwango chake kinadai livumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500. Chukua steshenari moja ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, inayopokea flashi 40 kwa siku: hesabu hiyo inamalizika kabla wiki ya sita haijaisha. Tundu halifi siku hiyo, bali linalegea. Mteja anaambiwa "ishikilie hivyohivyo", kidole kinabana flashi huku kazi inachapwa, halafu siku moja faili linakatika katikati. Na kila flashi inayoingia humo imetoka kwenye kompyuta nyingine isiyojulikana, ndiyo maana folda kugeuka shotikati ni jambo ambalo watu wamelizoea kama mafua ya Juni.

Basi tuliondoe tundu. Fikiria kiboksi cha ukubwa wa kibweta cha sabuni, kimezibwa pande zote, hakina pa kuchomeka waya wala pa kuingiza kadi. Data inaingia na kutoka kwa Wi-Fi. Chaji inaingia kwa koili, kama simu zinazowekwa juu ya kile kisahani cha chaji. Vipande vyote vya kukiunda vinapatikana leo. Ila watu wengi wakilifikiria wazo hili hudhani ugumu uko kwenye kupeleka data hewani. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe iko kwenye chaji, na kwenye swali moja ambalo kifaa chenye tundu hakiulizwi: kikigoma, utakiingilia wapi?

Wazo si geni. Mwaka 2002 Roy Want na wenzake wa maabara za utafiti za Intel walionyesha walichokiita Personal Server, kompyuta ndogo ya mfukoni isiyo na skrini, yenye hifadhi na Bluetooth, iliyotegemea skrini za vifaa vya jirani. Baadaye maduka yakapata Seagate GoFlex Satellite ya 2011 na SanDisk Connect Wireless Stick ya 2015. Zote zilitoa data kwa Wi-Fi, lakini kuchaji kulibaki kwa kuchomeka, kwa hiyo tundu lilibaki palepale, na udhaifu wake.

Kwa nini Wi-Fi na si kitu kingine? Kwa sababu ya kasi. NFC ya simu inafika kilobiti 424 kwa sekunde, maana yake GB 1 ingechukua zaidi ya saa tano. Bluetooth ya kawaida ni afadhali kidogo, ila bado unazungumzia saa nzima na zaidi kwa GB hiyo moja. Sony walitangaza TransferJet mwaka 2008, kugusisha vifaa viwili na data kupita kwa kasi nzuri mno, lakini simu za watu hazina redio yake. Wi-Fi iko kwenye kila simu janja inayouzwa Kabwe. Mjadala umeisha.

Vipande

Moyo wa kibweta ni Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta kamili kwenye bodi moja ndogo, ambayo kuanzia hapa nitaiita Pi. Ilitoka Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15. Ukiongeza usafiri na faida ya muuzaji, bei ya kuipata Mbeya au Iringa ni hadithi nyingine. Ina urefu wa milimita 65 na upana wa 30, kumbukumbu ya MB 512, na Wi-Fi ya GHz 2.4 pekee. Wapo wanaopendekeza ESP32, chipu ndogo yenye Wi-Fi, kwa sababu ni rahisi zaidi na inakula umeme kidogo. Inafanya kazi, lakini kasi yake ya kusukuma mafaili ni ndogo na kompyuta za Windows hazitakiona kama folda ya mtandaoni bila kuhangaika. Kwa picha chache za fundi wa vipimo, sawa. Kwa kazi hii, hapana.

Memori kadi: GB 128 inatosha. Usinunue ile ya bei kubwa kwa ajili ya kasi, kwa maana Zero 2 W haisomi kadi zaidi ya MB 20 na kidogo kwa sekunde, na Wi-Fi yake iko chini zaidi ya hapo. Pesa hiyo iweke kwenye kadi ya aina ya kamera za ulinzi, zile zinazotengenezwa zivumilie kuandikwa muda wote. La muhimu kuliko yote ni kuhakiki kwamba GB 128 ni 128 kweli. Kadi bandia hujitangaza 128 na ndani zina 8. Ukipita hapo zinaandika juu ya mafaili ya mwanzo bila kusema neno. Kwenye Linux endesha f3write kisha f3read, kwenye Windows tumia H2testw, ujaze kadi nzima. Inachukua saa kadhaa. Ichukue hivyohivyo, maana kadi hii ukishaiziba ndani huitoi tena kirahisi.

Betri ya lithiamu ya volti 3.7, mAh 3000. Nishati yake ni kama Wh 11. Ukitoa kinachopotea kwenye kupandisha volti hadi 5, zinabaki 9 hivi za kutumika. Kibweta kikiwa kimewaka tu, Wi-Fi hewani, kinakula kati ya nusu wati na wati moja. Kikihamisha mafaili kinapanda hadi wati mbili hivi. Kwa hiyo tarajia siku nzima ya kazi ya vipindi, au saa nne hadi tano za kuhamisha bila kupumzika. Seli za 18650 zilizotolewa kwenye betri za laptopu zilizokufa zinafaa ukizichuja: iliyolala chini ya volti 2.5 usiifufue, na inayopata moto ikiwa imekaa tu bila kazi iondoe nyumbani kabisa.

Halafu koili ya kupokea chaji ya kiwango cha Qi, bodi ya kuchaji, bodi ya kupandisha volti, swichi mbili za sumaku na vitu vidogo nitakavyovitaja njiani.

Chaji, ambako wengi wanaharibu

Qi inafanya kazi kwa koili mbili zinazotazamana: ya kwenye kisahani inatetemesha sumaku kwa masafa kati ya kHz 110 na 205, ya kwenye kifaa inageuza mtetemo huo kuwa umeme. Daraja la msingi ni wati 5. Koili za kupokea zinauzwa kama stika nyembamba za kubandika mgongoni mwa simu za zamani, zikiwa na mkia wenye kichwa cha USB. Kata kichwa, kwangua utando wa mkia taratibu kwa wembe, utaona njia za shaba. Weka stika juu ya kisahani, pima kwa malitimita ipi ni chanya na ipi ni hasi.

Usiridhike na volti 5 ya bila mzigo. Funga rezista ya ohm 10 inayohimili wati 5, ambayo itavuta nusu ampea, kisha pima tena. Ikibaki juu ya 4.7 koili ni nzima. Ikiporomoka, ama stika ni dhaifu ama imegeuzwa. Stika ina upande mmoja wenye tabaka jeusi la feraiti. Upande huo utazame betri, na koili itazame nje. Ukiigeuza, sumaku inaingia kwenye karatasi ya alumini iliyo ndani ya betri na kuipasha moto kama sufuria. Hata ikiwa imewekwa sawa, ongeza karatasi nyingine ya feraiti kati ya koili na betri kama ipo.

Ukuta wa kibweta juu ya koili usizidi milimita 2, na umbali wote wa koili kwa koili usizidi 5 hivi. Koili zikipishana kwa sentimita moja chaji inakatika. Kwa sababu hakuna sumaku ya kuvuta mahali pake, chora duara au gundisha kijiukingo kidogo kwenye kisahani ili kibweta kikae palepale kila usiku. Boksi la chuma halifai kabisa, na hata skrubu za chuma karibu na koili ziepuke.

Sasa bodi ya kuchaji. Kila fundi simu ana TP4056, ile bodi ndogo yenye taa nyekundu na ya bluu. Ni nzuri kwa betri inayochajiwa ikiwa imelala. Tatizo ni pale kibweta kinapofanya kazi huku kikichaji. TP4056 ya mA 1000 hukata chaji pale mkondo unaposhuka hadi sehemu ya kumi, yaani mA 100. Lakini Pi peke yake inavuta karibu mA 200 kutoka kwenye nyaya zilezile za betri. Bodi inaona mkondo haushuki, inaamini betri bado ina njaa, inaendelea kuibana kwenye volti 4.2 usiku kucha. Siku ya kwanza huoni kitu. Baada ya miezi betri imevimba, na ndani ya boksi lililozibwa uvimbe hauna pa kwenda.

Bodi za power bank nazo zina lao: nyingi hukata volti 5 kwa kitambo kidogo chaji inapoingia au kutoka. Kwa simu si kitu. Kwa Pi ni kuzimwa ghafla kila unapokiweka na kukiinua kwenye kisahani, na kapasita haiwezi kuziba pengo la sekunde nzima.

Kinachofaa ni bodi inayotenganisha njia ya mzigo na njia ya betri. BQ24074 ya Texas Instruments ni mojawapo, MCP73871 ya Microchip ni nyingine. BQ24074 ina sifa mbili zinazofaa kazi hii. Volti ya kuingia ikianza kushuka kwa sababu koili imekaa vibaya, inapunguza mvuto yenyewe badala ya kuiangusha kabisa. Na ina mguu wa kufungia kipimajoto cha kilo-ohm 10, ambacho huzuia kuchaji chini ya nyuzi 0 na juu ya 50. Usikifunge kipimajoto hicho hewani, kigundishe kwenye betri yenyewe. Mkondo wa chaji uweke mA 500 hivi. Betri ya 3000 itajaa kwa saa saba, yaani ukilala nacho kinaamka kimejaa, na koili haitoi joto la kutisha. Kwa LUKU ni kitu kidogo mno: hata ukihesabu kwamba karibu nusu ya umeme inapotea njiani, uniti moja inakijaza kama mara 50. Kisahani chenyewe kinakula volti 5, hivyo sola ya nyumbani yenye tundu la USB inatosha.

Kutoka hapo volti inapandishwa hadi 5.1. Bodi ya MT3608 inafanya hivyo vizuri, lakini zungusha skrubu yake na upime KABLA ya kuunganisha Pi. Bodi hizi zinaweza kutoka dukani zikiwa zimewekwa juu zaidi, na uwezo wake unafika volti 28. Weka kapasita ya µF 470 karibu kabisa na Pi, kwa sababu Wi-Fi ikianza kurusha mvuto unaruka ghafla, volti inazama, kadi inapata hitilafu katikati ya kuandika.

Kuwasha, kuzima na kufufua bila tundu

Hapa ndipo mpango wa kwenye karatasi hukutana na uhalisia. Kifaa cha kawaida kina kitufe, na kikishindikana unachomoa waya. Hiki hakina. Utahitaji kukiamuru kupitia ukuta wa plastiki, na njia nyepesi ni sumaku.

Swichi ya sumaku ni kimrija cha kioo chenye vipande viwili vya chuma vinavyogusana sumaku ikikaribia. Funga moja kati ya pini ya 5 na ya 6 za Pi. Pini ya 5 ndiyo GPIO3, na ina sifa ya pekee: ikiguswa na hasi wakati Pi imezimwa, Pi inaamka. Ongeza mstari huu kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi:

dtoverlay=gpio-shutdown,debounce=3000

Sasa sumaku ikishikiliwa hapo sekunde tatu, Pi inazima kwa utaratibu. Ukiigusisha tena inawaka. Zile milisekunde 3000 ni za lazima, la sivyo spika ya simu mfuko mmoja na kibweta itakizima kila mara. Swichi iweke mwisho wa boksi ulio mbali na koili, hasa kwa wenye visahani vipya vya Qi2, maana hivyo vina pete ya sumaku ndani. Ukiiweka karibu, kila ukikilaza kwenye chaji kinazima, na utamtafuta mchawi bure.

Kimrija hicho ni kioo. Ukikunja miguu yake bila kuishika kwa koleo karibu na kioo, kinapasuka.

Pi ikiganda kabisa, GPIO3 haisaidii, kwa kuwa mfumo uliopaswa kuisikia ndio ulioganda. Hapo washa mlinzi wa ndani ya chipu: dtparam=watchdog=on kwenye config.txt, na RuntimeWatchdogSec=15 kwenye faili la system.conf la systemd. Mfumo usipotoa ishara kwa sekunde 15, chipu inajiwasha upya yenyewe. Swichi ya pili ya sumaku mimi ningeifunga kwenye mguu wa kuruhusu (EN) wa bodi ya kupandisha volti, kama bodi uliyonunua imeutoa nje na hukata njia kabisa ikizimwa, ili uweze kukata umeme wote. MT3608 yenyewe haikati hivyo: ikizimwa, volti ya betri bado inapenya. Hii pia inatibu jambo jingine: Pi iliyozimwa kwa programu bado inanyonya kidogo, na betri iliyojaa itakauka ndani ya siku chache kabatini.

Pi haina kipimo cha volti ya betri, na haina saa inayoendelea ikizimwa. La kwanza linasababisha kuzimika ghafla, la pili linasababisha mafaili kuandikwa tarehe za ajabu. INA219 inapima volti, DS3231 inatunza saa, na zote mbili zinazungumza na Pi kwa I2C, njia ya nyaya mbili ya chipu kuwasiliana. Mtego ni kwamba I2C ya kawaida inapita kwenye GPIO3, ileile tuliyoifunga sumaku. Tumia i2c-gpio, ambayo inahamishia mazungumzo hayo kwenye GPIO23 na GPIO24. Anwani zao hazigongani: 0x40 na 0x68. Andika skripti fupi ya kuzima Pi betri ikifika volti 3.4, mapema kabla bodi ya ulinzi haijakata yenyewe bila taarifa.

Programu

Raspberry Pi OS Lite, isiyo na madirisha. Wakati wa kuiandika kwenye kadi kwa Raspberry Pi Imager, washa SSH, njia ya kuiamuru Pi kutoka kompyuta nyingine, na uchague nchi TZ. Nchi isipochaguliwa redio ya Wi-Fi inafungwa, na wewe huna waya wa kuingilia. Samba, programu inayofanya kibweta kionekane kama folda ya mtandaoni, na nyingine ziweke kwanza kupitia Wi-Fi ya kawaida yenye intaneti. Ukishakigeuza kuwa kituo cha mtandao, intaneti imeondoka.

Mfumo ukiwaka mara ya kwanza hutanuka na kumeza kadi nzima. Zima, peleka kadi kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, tumia GParted kuupunguza hadi GB 8, kisha tengeneza sehemu ya pili ya ext4 kwa ajili ya mafaili. Usishawishike kutumia exFAT eti Windows inaielewa. Windows haitaigusa kadi hii kamwe, itazungumza na Samba tu, na ext4 ina daftari la kumbukumbu linaloisaidia kusimama baada ya umeme kukatika. Tena unaondokana na ule mpaka wa FAT32 wa GB 4 kwa faili moja.

Kugeuka kituo ni mistari miwili:

sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 ssid kibweta password NENOSIRI
sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes connection.autoconnect-priority -10

Anwani yake itakuwa 10.42.0.1. Ile -10 inamaanisha kwamba kikiwashwa mahali penye mtandao kinachoujua, ofisini kwako kwa mfano, kitajiunga nao kwanza na utakipata kwa jina kibweta.local, mradi uliliweka jina hilo kwenye Imager. Kisipopata, kinafungua chake. Kikishafungua chake hakirudi kutafuta. Kiwashe upya kwa sumaku.

Kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, sehemu ya folda yako ongeza:

veto files = /*.exe/*.lnk/*.vbs/*.bat/autorun.inf/

Kompyuta yenye virusi itajaribu kupanda mafaili yake humo, na Samba itakataa. Si dawa ya kila kitu, kwani faili la Word lenye makro litapita, lakini ule ugonjwa wa shotikati umeukatia njia. Ukitumia Samba 4.11 au ya baadaye, SMB1, lugha ya kizamani ya kushirikisha folda, imezimwa tayari. Ndiyo iliyobeba WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia, mwaka 2017. Usiiwashe hata kwa ajili ya kompyuta ya XP ya jirani.

Vikishakuwa sawa, ingia raspi-config, washa Overlay File System ili sehemu ya mfumo iwe ya kusoma tu. Kisha nakili faili moja na uwashe upya uone kama lipo, maana mpangilio huo unaweza kuifunika na sehemu ya mafaili. Umeme ukikatika vibaya, kinachoweza kuumia ni faili lililokuwa linaandikwa wakati huo, mfumo wenyewe unabaki salama.

Simu zinavyokimbia

Simu ya Android ikijiunga na Wi-Fi isiyo na intaneti, inanuna. Inauliza kama ubaki, na usipojibu inarudi kwenye bando kimyakimya, huku wewe unashangaa 10.42.0.1 haifunguki. Jibu "ndiyo, baki", na uweke alama ya kutouliza tena. Kuna ujanja wa kuidanganya simu kwamba intaneti ipo, kwa kujibu ule ukurasa wake wa kujaribia. Sishauri. Simu ikishaamini, WhatsApp ya mgeni inakaa saa nzima bila ujumbe, na atakilaumu kibweta kwa haki.

iPhone tangu iOS 13 inafungua Samba ndani ya programu yake ya mafaili. Android nyingi zinahitaji programu ya ziada, kwa hiyo weka pia ukurasa wa wavuti wa kupakulia na kupandishia. Jina na nenosiri vinaweza kuchapwa kama msimbo wa QR: WIFI:T:WPA;S:kibweta;P:NENOSIRI;; kisha mgeni anapiga kamera tu. Usiubandike mgongoni mwa kifaa. Atakayekiokota ameokota na ufunguo.

Kinamfaa nani

Tuseme ukweli wa kasi. Redio hii inajitangaza megabiti 72 kwa sekunde, kazini unapata MB 4 hadi 5. GB 1 ni dakika nne. Picha 200 za simu zinapita huku chai inapoa. Lakini mpiga video wa harusi mwenye GB 40 atakaa zaidi ya saa mbili, wakati flashi nzuri ya USB 3 ingemaliza kwa dakika saba. Huyo aendelee kuchomeka. Au abadilishe Zero 2 W kwa Raspberry Pi 3A+, yenye GHz 5, apate kama mara mbili ya kasi, na betri kubwa zaidi ya kuibeba.

Kwa steshenari, kibweta si cha mteja, ni cha kaunta. Kompyuta nyingi za mezani hazina Wi-Fi, na hata zingekuwa nayo, kujiunga na mtandao wa kila mteja ni kuchelewesha foleni. Ila kibweta kikikaa kaunta, kimejiunga na mtandao wa duka, wateja wanapandisha kazi zao kwa simu na mchapaji anazichukua upande wa pili. Tengeneza folda wanayoweza kuweka bila kuona za wenzao. CV na nakala za vyeti ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu hata duka dogo; futa yaliyomo kwenye folda hiyo kila jioni kwa cron, programu ya kuendesha kazi kwa saa ulizopanga.

Kwa mwalimu wa Tukuyu au Mafinga anayegawa mitihani ya zamani kwa wanafunzi, kinafaa sana, ila redio hii ndogo haikuundwa kuhudumia darasa zima kwa mkupuo. Wapange watano watano.

Hali ya hewa ya huku

Huku Nyanda za Juu Kusini joto si adui wetu mkubwa kama ilivyo Kyela au Dar es Salaam. Baridi ndiyo. Makete na Kitulo huota barafu ya asubuhi Juni na Julai, na lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika ndani bila dalili. Kile kipimajoto ndicho kinachokulinda. Jingine ni unyevu. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700, Kyela iko chini ya 600. Boksi lililozibwa Mbeya likishuka Kyela, hewa ya nje inalibana, na palipo na kiufa linavuta hewa ya mvuke. Likirudi Uyole, jijini Mbeya, usiku, mvuke huo unageuka umande juu ya bodi. Weka ndani pakiti mbili za chembechembe za kukausha, zile zinazokuja na viatu vipya, na upake bodi za umeme vanishi ya kuhami, ukiiepuka antena.

Kabla ya kuziba

Funga boksi kwa mpira tu, usiweke gundi, ulitese kwa siku nzima. Nakili GB 20. Wakati kinanakili, kiweke na kukiinua kwenye kisahani mara 20. Kisizime hata mara moja. Pitisha sumaku mara 20. Soma joto kwa vcgencmd measure_temp: chipu hujipunguzia kasi ikifika nyuzi 80, na ukifika huko boksi ni dogo mno au koili imekaa karibu mno na Pi. Betri yenyewe isipite 45 ikiwa inachaji. Acha betri iishe yenyewe mara moja, uhakikishe kilizima kwa 3.4 na si kwa kukatwa. Kisha tengeneza nakala ya sehemu ya mfumo uihifadhi kwenye kompyuta.

Vikipita vyote, ziba kwa silikoni ya madirisha, usitumie epoksi. Silikoni inakatwa kwa wembe, na baada ya miaka miwili mitatu betri itataka kubadilishwa.